Mvua Tuliyoiomba, Meli Iliyoondoka

Nasteho, wewe na wenzako mnaoshika zamu sasa, salaam aleikum.

Mliponiaga mlinipa chupa ya chai, leso mbili na hotuba. Chupa inashika joto vizuri. Hotuba ilikuwa ndefu na haikutaja pazia hata mara moja, na mimi kazi yangu yote niliifanya nyuma ya pazia. Kwa hiyo nimekaa hapa Iftin, mtaa wa Garissa, kwa mwanangu, penye feni na maji ya mfereji, nikaona niwaandikie mwenyewe. Shule yangu ni ngumbaru tu, ile ya watu wazima, tulisomea chini ya turubai. Mjukuu wangu Ikran anaongoza darasa lao, na si mimi ninayesema, ni mwalimu wake. Yeye ndiye anayenirekebishia ngeli. Nimemwambia ngeli aguse, maneno asiguse. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya uwanja wa ndege. Mutua ni Mkamba, rubani leo Mzungu kesho Mkikuyu, polisi kila mwaka wanatoka kwao kwingine. Bila Kiswahili tungebaki tunapungiana mikono kama watu wanaozama.

Kabla ya kazi hii niliuza maziwa ya ngamia nje ya ua wa uwanja wa ndege wa Takaba. Uwanja ni jina la heshima tu. Ni udongo mwekundu uliosawazishwa, kibanda cha mabati, mlingoti wenye mfuko mrefu wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na mbuzi wa watu. Siku moja askari mgeni alitaka kumkagua mke wa shehe kabla hajapanda ndege. Yule mama hakugombana. Alikaa chini palepale kwenye udongo, akakunja miguu, akasema mkono wa mwanamume huyo utamfikia akiwa maiti. Rubani akatazama saa. Askari akatazama viatu vyake. Mutua, aliyekuwa mwangalizi wa uwanja, ndiye aliyekuja mbio mpaka kwenye madumu yangu.

"Mama, nawa mikono."

"Kwani nimeshika nini?"

"Nawa tu. Kuna mtu wa kukaguliwa."

Nikanawa. Wanawake wawili wakashika leso yangu huku na huku, nikaingia nyuma yake na yule mama. Nilimkuta na kisu kidogo cha kuchinjia na kuku mzima chini ya jilbabu. Kuku akanitazama. Nilichukua kisu, kuku nikamwacha, maana askari aliniambia silaha, hakuniambia kuku. Ndege ikaondoka na mama, kuku na wote. Mutua akaniambia nirudi kesho, na ile leso nije nayo. Baadaye ndiyo likaletwa lile pazia la kijani mnalolijua.

Mutua hakuweza kunionyesha kazi juu ya mwanamke, ingekuwa aibu kwake na kwangu. Kwa hiyo alikunja godoro, akalivisha koti lake la mvua, akaficha kijiko ndani, akasimama kando amenipa mgongo. "Tafuta," akasema. Nilitafuta mpaka nikatokwa jasho. Akaniambia maneno ambayo na nyinyi niliwaambia, lakini najua siku ile Nasteho ulikuwa unaangalia simu, basi nayarudia. Anza juu, shuka polepole. Tumia kiganja chote, si ncha za vidole. Ncha za vidole ni za mwizi. Usiruke mahali kwa sababu unaona haya. Macho yakikudanganya, yafunge. Papasa kama mtu anayemtafuta mtoto wake aliyelala gizani na hataki kumwamsha. Na ukimaliza, mwambie amemaliza. Asisimame mtu mbele yako hajui kama ameachiliwa.

Hicho kirungu cheusi kinacholia kikipita juu ya chuma kilikuja miaka mingi baadaye. Ni kizuri. Betri zikiisha ni kizuri cha kufukuzia mbuzi.

Mizani ndiyo iliyoniletea matusi. Ndege zetu ni ndogo, lazima kila abiria apimwe na mzigo wake, na wanawake wetu hawapendi kupimwa. "Mimi ni mbuzi wa soko?" waliniuliza. Nikazoea kuwaweka juu ya mizani nyuma ya pazia, nikasoma mwenyewe, nikaenda kumnong'oneza Mutua. Hakuna mume aliyewahi kuzipata kilo hizo kutoka kwangu, na wapo waliouliza. Nitazikwa nazo.

Kesi ngumu hazikuwa za visu. Zilikuwa za yule bibi harusi aliyepelekwa kwa mume asiyemjua, moyo wake ukagonga kiganja changu kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Zilikuwa za mama anayerudi kutoka hospitali ya Nairobi amebeba nguo za mtoto bila mtoto. Mkono unajua kabla hujaambiwa. Kirungu hakilii kwa mambo hayo.

Jambo moja zaidi la Mutua, kisha nije kwa Habiba. Udongo wa uwanja wetu ukilowa, ndege haishuki. Ikishuka inazama pua, na watu wanakufa. Mutua alikuwa na kipimo chake. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akakita kisigino kwa nguvu, akainua mguu, akangoja. Shimo likibaki kavu, anamwambia rubani karibu. Shimo likijaa maji, anamwambia nenda. Hakuna la katikati, na hakuna wa kumbembeleza. Nimemwona akimkatalia mkubwa wa serikali huku yule mkubwa akimwonyesha kidole.

Sasa Habiba. Mnalijua jina lake kwa sababu ya tochi iliyotundikwa kwenye msumari kibandani, lakini mwenyewe hamkumjua. Alikuwa jirani yangu. Yeye na Shamsa walikuwa wake wa mume mmoja, mwenye ngamia, ambaye alikufa akawaachia nyumba mbili, ua mmoja na ugomvi usioisha. Walitukanana asubuhi na jioni na hakuna aliyekula kabla mwenzake hajafika. Mtoto aliyewaunganisha ni Abdinoor. Habiba alimzaa, lakini alipougua baada ya uzazi ni Shamsa aliyemnyonyesha, basi kila mmoja alisema kijana ni wake na mwenzake ni msaidizi.

Abdinoor aliondoka Takaba ndevu hazijaota. Alikwenda Mombasa akaosha masufuria hotelini, kutoka hapo akapata kazi kwenye meli ya watalii, zile nyumba zinazoelea, ndani kuna maduka na watu wanaokula mchana kutwa. Akawa mpishi. Mwanamume wa Kisomali anapika! Shamsa alisema wasimwambie mtu. Miaka ikapita, kijana ni sauti tu kwenye simu. Kila alipopata likizo palikuwa na jambo, mara karatasi zake, mara maradhi yale yaliyofunga dunia nzima na yeye akafungiwa baharini.

Wakati huo macho ya Habiba yalikuwa yanakwenda. Daktari wa Garissa alisema ni presha ya macho, amechelewa kuja, la kushoto limekwisha na la kulia linafuata. Bado aliweza kuona uso, lakini uwe karibu na penye mwanga mkali. Mimi nilikuwa naushika mkono wake, nageuza uso wangu juani, ndipo anasema, "Ah, ni Dekha. Umezeeka."

Basi Abdinoor akapiga simu. Meli yao itapita Mombasa, itatia nanga Ijumaa asubuhi na kuondoka siku hiyohiyo alasiri. Yeye haruhusiwi kutoka bandarini zaidi ya muda mfupi, lakini ameomba na amekubaliwa kumpandisha mama yake, na mtu mmoja wa kumwongoza, wasafiri naye mpaka Zanzibar na warudishwe. Tiketi za ndege ameshalipa, Jumatatu kutoka Takaba.

"Zanzibar nitafanya nini?" Habiba aliniuliza. "Mimi sitaki bahari. Nataka uso. Nimtazame mara moja kabla hili jicho halijafunga duka."

"Na mimi ndiye nitakayekuongoza," Shamsa akasema. "Nikikuudhi nitakuelekeza majini."

Walicheka, na mimi nikacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa muda mrefu, kwa sababu ukame ulikuwa umetumaliza. Mnaukumbuka, nyinyi mlikuwa shuleni. Ng'ombe walianguka kando ya ua wa uwanja wakitafuta kivuli cha nguzo. Kila asubuhi mimi na Mutua tulifunga kamba kwenye mizoga na kuivuta mbali, kwa sababu mzoga unaita tai, na tai akigonga ndege angani ni msiba mwingine. Andikeni hilo mahali: ukame ukija, kazi ya kwanza ni mizoga, pazia baadaye.

Ijumaa kabla ya safari, imamu akatangaza swala ya kuomba mvua. Itaswaliwa Jumanne nje ya mji, watoke wote, wazee, watoto wachanga, na mifugo iliyobaki. Habiba alikuwa mwanamke mzee kuliko wote mtaani kwetu, na kwa desturi yetu wazee na watoto ndio wanaotangulizwa kwa dua ya namna hiyo, maana mvi na kilio cha mtoto Mungu havipuuzi. Jumapili akaja kibandani, ameshikwa mkono na Shamsa aliyenuna.

"Mutua, hii ndege inarudi lini?"

"Alhamisi, mama."

"Alhamisi nikiondoka, Ijumaa asubuhi nitakuwa Mombasa?"

Mutua akafikiri. "Utafika. Lakini utafika huna nafasi ya kupumua."

"Kupumua nimepumua sana. Nihamishe."

Shamsa akalipuka. "Mwambieni huyu mwanamke! Mtoto analia uso wake miaka yote, yeye anangoja swala! Mungu si atajua uko Mombasa?"

"Atajua," Habiba akasema. "Hilo ndilo tatizo. Watu watatoka juani na watoto wao wenye njaa kuomba maji, aangalie safu ya wanawake, aone pengo langu, aulize yuko wapi, aambiwe amepanda meli ya kula?"

"Wallahi ukifa utachelewa hata kaburini."

"Basi utangulie unishikie nafasi."

Mutua alipiga simu kwa wenye ndege, wakahamishwa. Jumatatu ndege ilikuja kwa saa yake, anga ikiwa tupu, hata wingu la kufunika kikombe halikuwepo. Wanaume wawili wakachukua viti vyao. Habiba alisikia mngurumo akiwa uani kwake, Shamsa akaniambia, na hakuinua kichwa.

Jumanne tulitoka. Wanaume wakageuza shuka zao, ndani ikawa nje, kumwomba Mungu ageuze hali yetu vilevile. Mbuzi walitengwa na watoto wao ili walie. Nilisimama bega kwa bega na Habiba, na kwa kuwa mwenye macho mabovu huomba kwa sauti, nilimsikia. Hakutaja meli. Hakutaja macho. Alisema maji, ya Rabbi, maji, kwa hawa na kwa wanyama wao wasio na dhambi.

Jumatano alasiri ikanyesha.

Sitajaribu kuwaeleza. Harufu ilifika kwanza, kisha upepo wenye mchanga, kisha mabati ya kibanda yakapiga kelele mpaka hatukusikiana. Wazee walivua viatu wakatembea. Watoto ambao hawakuwahi kuona mvua walilia kwa hofu. Nilimkuta Habiba amesimama uani, ameelekeza uso wake juu, maji yanaingia mdomoni, na Shamsa anamvuta mtandio, "Ingia ndani, utapata homa, kesho safari!" Kisha Shamsa mwenyewe akasikia alichosema. Akatazama ardhi. Akauachia mtandio, na Shamsa kuachia kitu si jambo dogo.

Alhamisi asubuhi walifika uwanjani kwa mkokoteni wa punda, mvua imepungua ikawa manyunyu. Walikuwa na chombo cha nyirinyiri, ile nyama yetu ya ngamia iliyokaangwa ikazamishwa kwenye samli, ikaweza kukaa. Habiba aliipika mwenyewe kwa kupapasa. Nikawakagua kama kawaida, maana kazi ni kazi hata kama anga imefunga. Kwa Shamsa sikupata kitu ila pilipili. Kwa Habiba, kifuani, kiganja changu kikagusa kitu kigumu cha duara. Nikakitoa. Tochi mpya.

"Ya nini hii?"

"Ya uso wake," akasema. "Ndani ya meli sijui kama kuna jua."

Nikairudisha nilipoitoa. Nikamwambia, "Umemaliza," kama nilivyofundishwa.

Ndege ilikuwa ije asubuhi. Mutua akatoka kwenye redio akasema imechelewa, itakuja saa sita. Saa sita akasema saa tisa, iko Mandera inangoja mawingu yafunguke. Nimeona watu wengi wakingoja ndege, nyinyi pia mtawaona. Wapo wanaotembea, wapo wanaogombana, wapo wanaouliza kila dakika. Habiba alikaa kwenye benchi amekumbatia chombo chake, anasikiliza mabati. Kila yalipopunguza sauti aliinua kidevu. Kila yalipozidisha alikishusha na kusema Alhamdulillahi.

Na hapo ndipo penye uchungu ambao sijawahi kumweleza mtu wa bara akauelewa. Kwetu mvua hailaumiwi. Hata ikibeba nyumba yako, unasema ni baraka, kisha unatafuta mlango wako kule ilikoupeleka. Mji mzima ulikuwa sherehe. Watu walipita kibandani wamelowa, wanacheka, wanamwona yule mama na mzigo wake, na badala ya kumpa pole wanampa mkono. "Habiba, dua yako imekubaliwa!" Angejibu nini? "Imekubaliwa," alisema, kila mara, kwa kila mmoja. Pole haikuwepo. Pole kwa sababu ya nini, kwa sababu Mungu amesikia?

Alasiri tukaisikia ndege. Haikuonekana kwanza, ni sauti tu juu ya mawingu, kisha ikashuka chini yake, nyeupe, karibu kabisa, ikaanza kuzunguka. Rubani akaita kwenye redio anauliza uwanja ukoje. Mutua akaweka redio chini. Alichukua mwavuli, akauacha, akatoka bila kitu kichwani kwenye manyunyu mpaka katikati ya uwanja. Tulimwona akikita kisigino. Akainua mguu. Akangoja muda mrefu kuliko siku zote, akasogea hatua kadhaa, akakita tena. Mutua hajawahi kukita mara mbili.

Aliporudi, Shamsa alimkamata koti. "Mwambie ashuke! Neno moja tu! Mnakaa hapo na redio yenu mnabonyezabonyeza, mara hii mmoja tu ashuke, ni wanawake wawili, hata mzigo tutauacha!"

Mutua akanitazama mimi. Miguu yake ilikuwa myekundu mpaka magotini.

Habiba akauliza, uso ameuelekeza kwenye sauti, "Dekha, ndani ya hiyo ndege kuna watu?"

"Wapo. Wamepandia Mandera."

"Wana mama zao?"

Nikamshika mkono.

"Mutua," akasema, "mwambie aende."

Mutua akachukua redio akamwambia rubani, "Usishuke. Udongo umejaa." Ndege ikazunguka mara moja zaidi, sijui kwa nini, labda rubani naye alikuwa na mtu, kisha ikapanda. Tuliisikiliza mpaka ikawa haina tofauti na mvua.

Msiniulize kuhusu gari. Makorongo yote, malaga yale yaliyokuwa mchanga tangu mwaka uliotangulia, yalikuwa mito. Lori lililojaribu kuvuka lilikaa humo hadi mwezi ukaandama.

Ijumaa alasiri walirudi kibandani, si kwa ajili ya ndege bali kwa ajili ya simu, maana Alhamisi Abdinoor alikuwa bado baharini, hapatikani. Pale kwenye mlingoti ndipo mtandao ulipokuwa na nguvu. Mvua ilikuwa imerudi vizuri. Abdinoor akapiga, na Shamsa akaweka sauti kubwa ili wote wasikie, kama kawaida yake.

"Hooyo, mama! Mmefika wapi? Nimesimama ngazini hapa, nimewaambia walinzi mama yangu anakuja, wote wanamngoja!"

"Tuko uwanja wa ndege," Habiba akasema.

"Wa Mombasa?"

"Wa Takaba."

Tukasikia watu nyuma yake wakiongea Kizungu, wanacheka.

"Hooyo, hiyo kelele ni nini?"

"Mabati."

"Mabati yana nini?"

"Mvua, mwanangu. Imenyesha tangu juzi."

"Mvua? Takaba?" Na sauti ya yule kijana, mpishi wa meli, mwanamume mwenye ndevu zake, ikavunjika katikati. "Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi, Hooyo." Alikuwa analia na anamshukuru Mungu kwa pumzi moja, na mama yake vilevile upande huu, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwa nini analia.

Kisha kukatoka mlio mkubwa kwenye simu, mrefu, wa chini, mpaka Mutua akageuka.

"Ni nini hicho?" Shamsa akauliza. "Ngamia gani huyo?"

"Ni meli, mama. Inaaga. Wananiita ndani."

"Huyo ngamia wenu ana sauti mbaya. Mwambieni anywe maji."

Kijana akacheka ndani ya kilio. Habiba akampokonya Shamsa simu, akasimama, akainyoosha juu karibu na mabati kadiri mkono wake ulivyofika. "Sikiliza," alikuwa akipaza sauti. "Sikiliza, Abdinoor, sikiliza kwenu." Aliishika hivyo mpaka mkono ukachoka, nikamshika kiwiko. Tulipoishusha simu, ilikuwa imekatika. Hatujui alisikia kiasi gani.

Ile nyirinyiri alikataa kuirudisha nyumbani. Alifungua chombo akasema tule. Tukala, mimi, Shamsa na Mutua, na askari wa zamu, kwenye benchi la abiria. Mutua alikula ameinamisha kichwa, akifuta macho, akasema pilipili ya Shamsa ni kali. Pilipili ilikuwa bado mfukoni mwa Shamsa.

Majani yaliota mpaka kwenye njia ya ndege, tukafyeka. Mbuzi wakazaa mapacha. Watoto wakapata mashavu. Na kabla majani hayo hayajakauka, jicho la kulia la Habiba likafunga. Alinitumia tochi kwa mkono wa Shamsa: "Amesema kibanda chako kina giza." Ndiyo hiyo iliyo kwenye msumari. Mkibadilisha betri, mseme bismillahi.

Abdinoor alikuja mkataba wake ulipokwisha, baada ya miaka. Ilikuwa siku ya jua kali, udongo mgumu kama sahani, ndege ikafika kwa saa yake. Nawaambia kweli, niliichukia kwa kufika kwa saa yake. Akashuka mwanamume mpana, ndevu zimejaa, amevaa viatu vyeupe visivyojua Takaba. Habiba alikuwa amesimama mbele ya kibanda na Shamsa. Kijana akaja, akasalimu, akaushika mkono wake akaubusu. Basi. Palikuwa na abiria wanaongoja kuondoka, wazee na askari, na kwetu mama hamkumbatii mwanamume mzima mbele ya safu ya watu. Habiba alisimama anatabasamu kando kidogo ya pale mwanawe alipokuwa, kama mtu anayepigwa picha, na mkono wake wa pili unafungua na kufunga hewani.

Nikafungua pazia. "Ingieni," nikasema. "Wewe na wewe."

"Mimi pia?" Abdinoor akauliza. "Hapa si pa wanawake?"

"Ingia kabla sijakupima kilo."

Ndiye mwanamume pekee aliyewahi kuingia nyuma ya pazia langu. Nikamkalisha kwenye kile kigoda, nikamweka mama yake mbele yake.

"Dekha," Habiba akaninong'oneza, "sijui kuanza. Uso ni mdogo, naogopa kumtia kidole machoni. Wewe ndiyo kazi yako."

Nikaishika mikono yake, nikaifungua. "Anza juu," nikamwambia. "Shuka polepole. Kiganja chote. Usiruke mahali kwa sababu unaona haya."

Akaanza kwenye nywele. Akapita kwenye paji, akakuta kovu la kwato ya ndama, akatabasamu, hilo analijua. Masikio akasema ni ya baba yake, maskini. Alipofika kwenye ndevu akasimama. "Hizi ni za nani?" akauliza. Machozi ya kijana yakapita katikati ya vidole vya mama yake, naye akayafuata hayo nayo mpaka shingoni, akarudi juu, akaanza upya.

Nilitoka nikashika pazia kwa nje. Safu ya wanawake ilikuwa ndefu, ndege inaunguruma, rubani ametoa kichwa dirishani anaonyesha saa. Mutua, ambaye naye alikuwa karibu kustaafu, akaja taratibu.

"Anauliza kwa nini tunachelewa," akasema.

"Mwambie ukaguzi."

"Haujaisha?"

Nikasikiliza. Ndani hapakuwa na sauti. Sheria ni yako, Mutua: ukimaliza, mwambie amemaliza. Habiba hakuwa amemwambia mwanawe.

"Bado," nikamwambia.

Mutua akarudi kwenye redio. Wanawake wakaweka mizigo chini, wakakaa juu yake, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu.